PAUL ROBESON: MPIRA MKONONI, KITABU KWAPANI

Ukiwauliza wanafunzi wa shule hii wakutajie wachezaji mashuhuri, watakutajia wa kandanda na wa riadha bila hata kuvuta pumzi. Lakini ukiwauliza wakutajie mchezaji shupavu aliyekuwa pia wa kwanza darasani, hapo utaona vichwa vikikunwa. Wengi wetu tunaamini kwamba mambo haya mawili hayapikwi chungu kimoja, ati anayefukuza mpira hukimbiwa na vitabu. Wahenga nao walitilia mkazo waliposema mshika mbili moja humponyoka. Mimi si wa kupingana na wahenga, lakini leo nataka kuwasimulia juu ya mtu aliyeshika mbili, akaongeza ya tatu na ya nne, na hakuna iliyomponyoka. Mtu huyo ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1976.

Wazee wetu waliokuwa na redio na santuri wanamkumbuka Robeson kama mwimbaji mwenye sauti nzito ajabu. Wengine wanamjua kama mwigizaji. Lakini kabla ulimwengu haujaisikia sauti yake, jina lake lilikuwa limekwisha vuma katika viwanja vya mpira vya vyuo vya Marekani. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake nitakayoisimulia kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayokaribia umri wetu sisi tulio shuleni.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Alikuwa kitinda mimba. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Ndiyo, mtumwa wa kumilikiwa kama ng'ombe! Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi alitoroka, akaenda kaskazini ambako watu weusi walikuwa huru. Huko alijisomesha hadi chuo kikuu cha Lincoln, akawa mchungaji wa kanisa. Hebu fikiri safari hiyo: kutoka shamba la bwana hadi kwenye mimbari, katika maisha ya mtu mmoja.

Hata hivyo, mwenye bahati hana safari ndefu, na mzee huyu safari yake ilikuwa ndefu. Mwaka 1901 aliondolewa katika kanisa alilokuwa amelihudumia kwa miaka zaidi ya 20. Ili watoto wale, alianza kuzoa majivu kwenye majumba ya watu na kuendesha gari la farasi la kukodi. Kisha mwaka 1904 msiba ukabisha hodi. Mama yake Paul, Maria Louisa, ambaye macho yake hayakuwa yanaona vizuri, alishikwa na moto wa jiko nguo zikawaka, akafa. Paul alikuwa na miaka mitano tu. Kuanzia hapo alilelewa na baba, ndugu zake, na majirani waliomgawia chakula na malazi.

Baadaye familia ilihamia mji wa Somerville, baba akapata kanisa jingine. Mzee huyu hakuwa mtu wa mchezo katika masomo. Jioni alimketisha mwanawe akamsikiliza akikariri hotuba, akimsahihisha neno kwa neno, na kumfundisha Kilatini. Paul akileta alama 95, baba alitaka kujua zile tano zimekwenda wapi. Nasikia wengine wenu mkicheka, kwa maana mnao wazazi wa aina hiyo.

Katika shule ya sekondari ya Somerville wanafunzi weusi walikuwa wachache mno. Paul aliimba, akaigiza, akashiriki midahalo na kucheza mpira. Alipokaribia kumaliza alisikia kwamba kuna mtihani wa jimbo zima wa kutafuta mwanafunzi atakayelipiwa masomo ya miaka minne katika chuo cha Rutgers. Kulikuwa na tatizo. Washindani wake walikuwa wamekwisha fanya sehemu kubwa ya mtihani huo mwaka uliotangulia, naye hakuwa amepata habari. Ilimbidi aketi mtihani mmoja wa kazi ya miaka minne yote kwa mkupuo. Aliketi, akashinda. Mwaka 1915 akaingia Rutgers akiwa na umri wa miaka 17. Tangu chuo hicho kianzishwe mwaka 1766, yeye alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu!

Naomba tulikumbuke jambo hili, kwa sababu nitalirudia: Robeson hakuingia chuoni kwa sababu ya mpira. Aliingia kwa kalamu.

Sasa kabla sijaendelea, ni vyema nieleze mchezo wenyewe, maana Mmarekani akisema futiboli hasemi ile yetu. Mpira wao ni mrefu kama yai, nao unafanana na raga ambayo baadhi yetu tumeiona ikichezwa. Kila timu ina watu 11. Lengo ni kuuvusha mpira ng'ambo ya mstari wa mpinzani. Timu hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa inanyang'anywa mpira. Tofauti kubwa na raga ni kwamba tangu mwaka 1906 sheria yao inaruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono. Yule anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake, akapokea mpira na kuamua aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao, huitwa kwotabeki. Ndiye ubongo wa timu. Robeson hakuwa kwotabeki. Yeye alicheza mwisho kabisa wa mstari wa mbele, upande wa pembeni. Timu yake ikishambulia, alichomoka mbio kwenda kudaka mpira au alimfungulia njia mwenzake. Timu ikishambuliwa, ni yeye aliyembomoa mwenye mpira. Siku hizo mchezaji yule yule alishambulia na kulinda, kupumzika hakuna. Kofia zilikuwa za ngozi tu. Ulikuwa mchezo wa kuvunjana mifupa, na hata vifo vilitokea.

Rutgers wenyewe walikuwa na fahari ya pekee katika mchezo huu. Mechi ya kwanza kabisa kati ya vyuo viwili vya Marekani ilichezwa kwao tarehe 6 Novemba 1869, wakaishinda Princeton 6 kwa 4. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na timu yao haikuwa imewahi kuwa na mchezaji mweusi hata mmoja.

Basi Paul akajitokeza kwenye majaribio. Alikuwa jitu la mtu, urefu karibu mita 1.9 na uzito wa zaidi ya kilo 90. Kocha aliitwa George Foster Sanford. Wachezaji waliokuwamo tayari hawakutaka kuvaa jezi moja na mtu mweusi, wakaamua kumfundisha adabu. Siku hiyo walimvunja pua na kumtegua bega. Alilala kitandani siku nyingi, mwili wote ukimuuma. Huko kitandani akaanza kuwaza kuacha. Kaka yake alipokuja kumtazama alimkumbusha kwamba baba yao hakulea watoto wa kukata tamaa, lakini uamuzi alimwachia mwenyewe.

Paul aliporudi uwanjani, mchezaji mmoja alimkanyaga mkono kwa makusudi, njumu zikamng'oa kucha. Inasimuliwa kwamba hapo alipandwa na hasira, mchezo uliofuata akawafagia waliokuwa mbele yake kama majani, akamkamata mwenye mpira na kumwinua juu ya kichwa tayari kumbwaga chini. Kocha Sanford aliona hatari, akapiga ukelele kwamba Robeson ameingia timu ya kwanza. Paul akamshusha yule kijana polepole. Tangu siku hiyo hakuna aliyemchezea ovyo katika mazoezi, na baadhi ya wale waliompiga walikuja kuwa rafiki zake.

Ningependa kusema kwamba matatizo yaliishia hapo. Wapi! Uwanjani walimshangilia, lakini magoti yalipooshwa na taa za dansi kuwashwa, yeye hakualikwa. Aliimba vizuri kuliko wengi, lakini hakusafiri na kikundi cha waimbaji cha chuo kwa sababu baada ya nyimbo kulikuwa na tafrija za wazungu. Timu ikisafiri, kulikuwa na hoteli na mikahawa ambayo haikumkubali.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Oktoba 1916. Mwaka huo Rutgers walikuwa wakiadhimisha miaka 150 ya chuo chao. Wageni walialikwa, na mechi ya sherehe ikapangwa dhidi ya chuo cha Washington and Lee kutoka jimbo la Virginia, kusini, kulikokuwa na ubaguzi mkali. Wageni hao walikataa katakata kuingia uwanjani pamoja na mtu mweusi. Rutgers wangeweza kuwaambia warudi kwao. Badala yake walikubali, na kocha Sanford akamweka Robeson benchi. Timu zikatoka sare, 13 kwa 13. Yaani chuo chake mwenyewe, siku ya sikukuu yake, kilimficha mwanafunzi wake bora ili mgeni asiudhike.

Tulipoisoma habari hii katika mkutano wa Chama cha Kiswahili, ubishi ulitanda. Wengine walisema Robeson angeivua jezi siku ile ile na kuwatupia. Kwa nini akubali kukalia benchi kwa sababu ya rangi? Wengine walisema alikuwa maskini, angefanya nini, basari ingepotea. Hapa ndipo ninapowakumbusha nililosema: basari yake haikuwa ya mpira. Angeuacha mpira siku hiyo na bado angeendelea kusoma bila kulipa hata senti. Kwa hiyo hakubaki kwa kuogopa karo. Mimi naona alibaki kwa sababu alijua kwamba akiondoka, waliomkataa watakuwa wamepata walichokitaka, tena bure. Na mtu mweusi ambaye angekuja baada yake angeambiwa kwamba wenzako hawawezi kuvumilia.

Lakini pia sikubaliani na wanaosema kwamba kuvumilia kulitosha. Baadaye msimu huo huo, timu ya West Virginia nayo ilitaka Robeson asicheze. Mara hii Sanford alikataa. Robeson akacheza, mechi ikaisha 0 kwa 0, na hakuna mbingu iliyoanguka. Hii yaonyesha kwamba hata mara ya kwanza ingewezekana kukataa. Na wapo walioikumbuka aibu ile. Mwaka 1919 mwanasheria James Carr, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Rutgers, mwaka 1892, alimwandikia rais wa chuo barua ya malalamiko juu ya tendo hilo. Miaka karibu mitatu ilikuwa imepita, lakini jambo baya haliozi likawa zuri kwa kukaa.

Mwaka 1917 ndio uliomtoa Robeson akajulikana nchi nzima. Rutgers walicheza mechi tisa, wakashinda saba, sare moja, na kushindwa moja tu mbele ya Syracuse, 14 kwa 10. Mechi iliyosisimua zaidi ilikuwa ya mwezi Novemba huko Brooklyn, New York. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwezi wa Aprili, na wachezaji wengi hodari waliomaliza vyuo walikuwa wamejiunga na jeshi. Jeshi la wanamaji lililokuwa Newport liliunda timu ya magwiji hao. Watu walidhani vijana wa Rutgers watatafunwa kama miwa. Rutgers walishinda 14 kwa 0, na magazeti yakamwandika Robeson kwa wino mzito.

Kila mwaka wataalamu wa mchezo huo huteua kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Robeson aliteuliwa mwaka 1917 na tena mwaka 1918. Walter Camp, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote katika kupanga vikosi hivyo, alimhesabu kuwa mlinzi wa pembeni ambaye hajawahi kuonekana mfano wake. Na mpira huo haukuwa mchezo wake wa pekee. Aliiwakilisha Rutgers pia katika mpira wa vikapu, besiboli na riadha.

Je, vitabu viliponyoka? Hasha! Akiwa mwaka wa tatu alichaguliwa katika Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi waliofaulu kupita wengine Marekani. Katika mashindano ya kutoa hotuba alishinda mwaka baada ya mwaka. Mwezi Mei 1918 baba yake alikuwa mahututi, na Paul alikuwa na shindano la hotuba lililokaribia. Mzee alimtaka aahidi kwamba litokee litakalotokea, atashiriki. Tarehe 17 mzee akafariki. Siku chache tu baadaye Paul alisimama jukwaani, machozi hayajakauka, akashinda. Nadhani huo ndio ushindi uliomgharimu zaidi kuliko wowote wa uwanjani.

Mwaka 1919 alihitimu, na wenzake wakamteua kutoa hotuba ya kuaga. Tasnifu aliyoandika ilihusu Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yale yanayoahidi kila raia ulinzi sawa wa sheria. Si ajabu alichagua mada hiyo. Yeye alikuwa ameketi benchi akiitazama ahadi hiyo ikivunjwa mbele ya mashabiki.

Baadaye alisomea sheria katika chuo kikuu cha Columbia, New York. Karo ilitaka pesa, basi akarudi kwenye mpira, mara hii wa kulipwa. Mwaka 1921 alichezea Akron Pros, ambako kocha na mchezaji mwenzake alikuwa Fritz Pollard, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha katika ligi hiyo ya kulipwa. Huyu Pollard ndiye pia aliyecheza nafasi ya kwotabeki katika ligi hiyo mwaka 1923, wakati wengi waliamini kwamba mtu mweusi ana miguu ya kukimbia lakini hana kichwa cha kupanga. Mwaka 1922 Robeson alichezea Milwaukee Badgers, na katika mechi moja dhidi ya timu ya Jim Thorpe, Mhindi Mwekundu aliyekuwa bingwa wa Olimpiki, alivuka mstari mara mbili na timu yake ikashinda 13 kwa 0. Mwisho wa juma mpirani, katikati ya juma sheria. Mwaka 1923 akapata digrii yake.

Aliajiriwa katika ofisi moja ya mawakili. Hakukaa. Karani mzungu alikataa kuandika maneno anayotamkiwa na mtu mweusi, naye Robeson akaona njia hiyo imezibwa, akaiacha sheria. Ndipo alipoingia jukwaani. Mengine ni historia: aliimba na kuigiza Marekani na Ulaya, akawa Othello huko London mwaka 1930, na mwaka 1943 akaigiza nafasi hiyo hiyo New York mara 296, jambo lililokuwa halijawahi kutokea kwa tamthilia ya Shakespeare huko.

Na sasa, wanachama wenzangu, shikeni viti. Alipokuwa akiishi London katika miaka ya 1930, Robeson alijiandikisha chuoni kusoma lugha za Kiafrika, na mojawapo ilikuwa Kiswahili! Alitaka kuijua Afrika kwa lugha zake. Tena katika filamu ya Sanders of the River iliyotolewa mwaka 1935, miongoni mwa watu waliopewa nafasi ndogo ndogo nyuma yake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa London wakati huo na baadaye akawa rais wetu wa kwanza. Filamu yenyewe ilimchukiza Robeson alipoiona imekamilika, kwa sababu iligeuzwa ikawa ya kuusifu ukoloni.

Kutoka hapo alizidi kusema wazi dhidi ya ubaguzi na ukoloni. Serikali ya Marekani ikamnyang'anya pasipoti mwaka 1950, akazuiwa kusafiri kwa miaka minane. Jina lake lilifutwa mahali pengi. Aliaga dunia tarehe 23 Januari 1976. Lile Jumba la Mashujaa wa mpira wa vyuo halikumwingiza hadi mwaka 1995, miaka 19 baada ya kuzikwa kwake. Kwa mara ya pili aliwekwa benchi, na safari hii benchi lilikuwa refu.

Tunajifunza nini? Sisi wa shule ya kutwa tuna visingizio vingi vya kutosha kujaza daftari. Tunatembea mbali, nyumbani kuna maji ya kuteka na wadogo wa kutunza, taa ya mafuta inamaliza mafuta kabla hesabu hazijaisha. Haya ni ya kweli, sisemi ni uongo. Lakini mtoto wa mtumwa, yatima wa mama, aliyevunjwa pua na wachezaji wa timu yake mwenyewe, hakuchagua kati ya mpira na kitabu. Alivibeba vyote viwili.

Na kwa walimu wetu na manahodha wa timu, nina ombi moja kwa heshima. Akija mgeni akisema kwamba fulani asicheze, iwe ni kwa sababu ya kabila lake, dini yake au viatu vyake, msimweke benchi. Afadhali mechi isichezwe. Mabao 13 kwa 13 ya Rutgers hakuna anayeyajali leo. Kinachokumbukwa ni nani aliyekuwa ameketi.